Goti Langu na Nyumba ya Mkwe

Kama unatafuta ushuhuda wa mtu aliyepona, weka hii chini uende kwenye krusedi ya maombi, huko watakupa wengi. Mimi sikupona. Goti langu la kulia limekunjika na halinyooki tena, na daktari wa mwisho niliyemwona aliniambia hivyo bila kuzunguka, nikamshukuru, maana nilikuwa nimechoka kuzungushwa. Ninaandika kwa sababu yale maumivu ya kung'ata shuka yamepungua, kichwa changu kimerudi mahali pake, na najua kuna mama mahali fulani, Dabani au Sop Sop au ng'ambo ya Kenya, ambaye leo asubuhi ameshika ukingo wa kitanda akijiuliza kama atasimama. Huyo ndiye ninayezungumza naye. Wengine sikilizeni tu.

Mimi ni Msamia wa Dabani, mjane, mkulima wa wimbi na mihogo. Mavuno yangu nilikuwa nikiyauza Busia, siku nyingine upande wetu wa Uganda, siku nyingine navuka upande wa Kenya na gunia kichwani. Mtoto nimebaki na mmoja, Ajiambo, aliyeolewa mjini Tororo na Mpadhola mmoja seremala, kabila jirani lenye lugha yake, jina lake Othieno. Mshike huyo Othieno, nitamrudia.

Goti lilianza kwenye palizi, wakati wa mvua ndefu. Palizi ya wimbi si kazi ya kusimama. Unachutama, unatambaa na mstari, unatenganisha wimbi na gugu linalofanana nalo mpaka macho yakuume. Siku hiyo nikainuka niende kunywa maji, goti likalia kaa! Nikacheka peke yangu shambani. Nikasema, haya, uzee umebisha hodi. Kumbe haukubisha, ulikuwa umeshaingia na mkeka wake.

Kwetu mwanamke husalimia wakubwa kwa kupiga magoti. Hakuna anayekufundisha, unakua unaona. Sasa ikaja siku dada mkubwa wa marehemu mume wangu ametutembelea, nami goti limevimba, nikamsalimia nimesimama. Alikunywa chai, akamaliza, akaaga. Jumapili kanisani nikaambiwa na watu wawili tofauti kwamba biashara ya Busia imenipandisha kichwa, siku hizi nasalimia watu kama afisa wa forodha. We! Nilitamani kumfuata nimwonyeshe goti lenyewe. Alipokuja tena nikapiga magoti vizuri kabisa, nikashindwa kuinuka, na ilibidi yeye mwenyewe anivute kwa kwapa, tukaanguka wote kwenye kiti. Tangu hapo aliniamini. Ndiyo taabu ya ugonjwa huu, hautoi damu wala usaha. Mtu haoni kidonda, anaona kiburi.

Mwaka mzima nilimeza vidonge vya duka la dawa. Vile vya rangi mbili, unaviomba kwa kuonyesha kidole. Nilivimeza asubuhi kabla ya chai, maana mpaka chai iive nilikuwa nimeshalia. Tumbo likaanza kuwaka moto, chakula kikawa adui, gauni zikaanza kunining'inia. Mama unayenisikiliza, kula kwanza. Hata muhogo wa jana, kula, ndipo umeze.

Aliyenitoa kwenye vidonge ni Nafula, Mkenya anayeuza dagaa sokoni, kiti chake na changu vimepakana miaka mingi. Aliniona nikitaka kuinuka kupima wimbi, nikakaa tena.

"Wee, mama Ajiambo, hii mguu utaificha mpaka lini?" akaniuliza. "Goti si mume, ati utavumilia atabadilika."

"Litapoa mvua zikiisha," nikamwambia.

"Mvua ziliisha mwaka jana pia. Mficha uchi hazai. Kesho tunaenda kwa daktari, na usiniletee hadithi."

Kesho yake akaacha dagaa zake kwa mtu, akanivusha, akanipeleka kliniki moja upande wao.

Nikwambie habari za benchi la kungojea, kwa sababu huko ndiko utaishi. Benchi la magoti lina watu wake. Mnatazamana viatu kwanza, maana mwenye goti bovu kiatu chake kimeisha upande mmoja. Kulikuwa na mzee wa kutoka Busitema, magoti yote mawili yameharibika, naye kila anayekaa karibu yake alimwambia, "Wewe umeleta mmoja, mimi nimeleta mapacha." Kila wiki alisema hivyo, na kila wiki tulicheka. Kulikuwa na nesi ambaye hakuwahi kuniita jina bila kutazama faili, lakini siku zote akiniona alivuta kiti kitupu akaniwekea mguu juu, kisha akaenda zake. Wema mwingi niliopata ulikuwa wa namna hiyo, wa kimya, na uliniponya siku hiyo kuliko daktari.

Sindano ya kwanza ya goti nilidungwa wakati kumbikumbi wanaruka. Jamani! Ndani ya wiki moja nilikuwa mtu mpya. Nilipalilia, nilivuka na gunia, siku ya kutoa mavuno kanisani nilicheza mbele ya watu na wifi yangu yule akapiga vigelegele. Nikaanza kuwasema wagonjwa wengine kwamba hawana imani. Sindano ya pili ikanishika nusu ya muda wa ile ya kwanza. Ya tatu nilitoka nayo kliniki nikichechemea na nikarudi nayo nyumbani nikichechemea, haikugusa kitu. Daktari akasema basi, nyingine itaharibu badala ya kujenga.

Nikajaribu na mganga wa Sop Sop pia, sitajifanya mtakatifu. Akanichanja chale pembeni ya goti, akapaka unga mweusi. Chale zilipona vizuri sana, goti ndilo halikujua kama limechanjwa. Kufikia hapo mguu ulikuwa umeanza kupinda kwa nje. Nikisimama mbele ya mlango, mwanga unapita katikati ya miguu yangu kama mlango wenyewe. Usiku nikijigeuza naamka. Nikawa mkali, namfokea kuku.

Yule daktari akanikalisha chini akaniambia njia zimebaki mbili. Moja ni upasuaji mkubwa, kubadilishwa goti huko Kampala. Nyingine ni mazoezi, mtu anayejua kazi yake anaunyoosha mguu na kuutia nguvu, mara kadhaa kwa wiki, miezi. "Na hata ukitaka upasuaji," akasema, "lazima upite kwa mazoezi kwanza. Mguu ukikakamaa ukiwa umepinda hivi, hakuna atakayeugusa." Mazoezi hayo yalikuwa hospitali ya Tororo. Kwa hiyo mambo yote yakawa ni hilo: nifike Tororo, nikae Tororo, la sivyo sitatembea tena.

Nilijaribu kwenda na kurudi kwa bodaboda. Barabara ile kwa pikipiki, na goti kama hilo! Nilichonyooshwa asubuhi kilikuwa kimeshakunjika jioni. Dada wa mazoezi, binti mwembamba mwenye vidole vya chuma, akaniambia nafuta kazi yake njiani.

Ajiambo anakaa karibu na hospitali ile, unaweza kumwita mtu kutoka kwake akakusikia getini. Mtu wa mbali atauliza, sasa shida iko wapi? Shida ni kwamba nyumba ile ni ya mkwe wangu. Kwetu mama hashikani mkono na mume wa binti yake. Hawali pamoja, hawapiti mlango mmoja, na mama halali nyumba ya mkwe hata mvua imnyeshee. Si chuki, ni heshima, na heshima hiyo ndiyo inayomfanya binti yako awe na sauti kwa mumewe. Tangu Othieno amwoe Ajiambo nilikuwa nimemwona kwa mbali tu. Akija Dabani, mimi napitia nyuma ya jiko. Akiniona njiani, anaingia shambani kwa watu mpaka nipite. Nilimpenda kwa hilo, nilijua binti yangu ameolewa na mtu.

Kuna njia ya kufungua mwiko huo. Wazee wa pande mbili wanakaa, mnapeana vitu, mnakula pamoja, basi. Lakini upande wa mkwe ndio huomba. Mama akiomba yeye, watu watasema amechoka kulima, anataka kwenda kulishwa. Na mkwe naye akiomba, watasema amechoka kumheshimu mama wa watu. Kwa hiyo mimi nilimngoja yeye, na yeye, kama alivyoniambia baadaye, alikuwa ananingoja mimi nitoe hata neno moja kwa Ajiambo.

"Mama, njoo tu ulale," Ajiambo alinililia. "Chumba kiko. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Hiyo heshima itakushika mkono ukienda choo?"

"Usiniletee mdomo. Mimi ndiye nimekuzaa."

Tukakubaliana kwa hasira. Nikapangiwa chumba kwenye ua mmoja nyuma ya hospitali, chumba kimoja, bafu la mabati nje. Ajiambo alikuwa akija asubuhi na jioni, anapika, anafua, anarudi mbio kwake. Alikonda. Mchana maji aliniletea Othieno. Alikuwa akiweka jerikeni kwenye kona ya ua, anakohoa, anasema, "Mama, maji nimeleta," nami ndani najibu, "Asante, baba." Halafu nasikia viatu vyake vikienda. Alinitengenezea pia kiti cha mbao chenye tundu, cha kuweka juu ya choo nisichutame, akakiacha mlangoni bila neno. Nilikaa juu ya kiti kile nikalia kwa raha, na mwenye goti bovu atanielewa.

Na mazoezi yalikuwa yanashika! Nataka ulijue hilo. Mguu ulianza kunyooka. Dada wa mazoezi alipima kwa kiganja chake nafasi kati ya goti langu na kitanda, na nafasi ile ilikuwa inapungua. Alianza kuongea habari za Kampala.

Kisha ikaja ile siku ya soko. Ua mzima ulikuwa mtupu, na Ajiambo alikuwa amekwenda Dabani kutazama mihogo yangu na mbuzi. Niliingia bafuni kuoga, sakafu ina utelezi, gongo langu la kutembelea likaenda upande wake na mimi upande wangu. Nikaanguka mguu mbaya ukiwa chini yangu. Leso yangu ilikuwa imetundikwa juu ya mlango, siifikii. Nikakaa pale uchi kama nilivyozaliwa, na mapovu ya sabuni machoni.

Nikasikia kikohozi. "Mama, maji nimeleta."

"Asante, baba." Sauti ikatoka vibaya.

"Mama, iko shida?"

"Hakuna. Wewe nenda kazini."

Hakwenda. "Mama, wewe umeanguka?"

"Nimeteleza. Hiyo leso usiiguse, nitafutie mwanamke."

Nikasikia anakimbia. Anagonga mlango huu, anagonga ule, anaita. Akarudi anahema. "Watu yote iko soko. Hospitali nesi iko moja tu, nasema hawezi kuacha wagonjwa. Imebaki tu kikongwe ule haoni. Ajiambo napiga, simu haishiki." Akasogea mlangoni, akasema polepole, "Mama, nakuja ndani? Nafunga macho. Kabisa."

"Usiingie!"

"Nakubeba tu, nakuweka kitanda, nakwenda."

"Niko uchi, Othieno! Ukifungua mlango huo mimi nakufa hapa hapa!"

Ilikuwa mara ya kwanza kutamka jina lake. Aliposikia jina, nadhani na yeye aliogopa. Nikaona bati la mlango limebonyea kidogo. Alikuwa amekaa chini, ameliegemeza mgongo. "Sawa, mama," akasema. "Mimi niko hapa. Mimi naangalia tu barabara." Akaanza kuniongelesha. Akaniambia habari za kitanda cha mvule alichokuwa akitengeneza, namna mvule unavyokataa msumari, namna fundi wake wa zamani alivyokuwa akimpiga kwa rula. Miaka yote ile hatukuwahi kuongea. Mtoto wa watu alikuwa akiongea ili nisijione peke yangu, na mimi nilikuwa nikitetemeka kwa baridi na kumwitikia, "Eeh. Eeh, baba."

Jua likahama. Nilifikiri Ajiambo akinikuta hivi, mumewe mlangoni na mimi uchi ndani, nitaishi vipi tena? Nikashika nguzo ya bafu nijivute. Nikaweka uzito wote kwenye mguu ule. Nikasikia kitu kimekatika chini ya goti kama muhogo mkavu, na ukelele nilioutoa sikujua ni wangu.

Othieno alipiga bati kwa kiganja. "Mama! Sema niingie! Sema tu!"

Nikasema hapana. Nakuandikia ukweli, mfupa umeshavunjika na bado nilisema hapana.

Ajiambo alifika alasiri. Akanifunika, akamwita mumewe kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, na hata hapo Othieno alikimbia kutafuta watu wengine wa kunibeba. Hospitalini, mguu wangu umewekwa juu, binti yangu alisimama katikati ya kitanda na mlango akatutazama, mimi kitandani na mumewe kule nje kwenye korido. "Mlikuwa wawili," akasema. "Watu wazima wawili na ukuta wa bati." Hakulia. Afadhali angelia.

Nilikaa na plasta mvua fupi zote. Ilipokatwa, mguu uliotoka ulikuwa mwembamba kama wa mtoto, umekunjika, ngozi inabanduka. Dada wa mazoezi alijaribu. Majuma mengi alijaribu, ananisukuma, mimi napiga kelele, anaomba msamaha, anasukuma tena. Mpaka asubuhi moja badala ya kuushika mguu akakaa kando yangu kitandani akashika mkono. "Mama, sitakudanganya," akasema. "Umekakamaa. Na mfupa ulivyounga, hata Kampala wamesema hapana." Nikamuuliza, kama nisingeanguka? Akatazama dirishani. Alikuwa binti mwaminifu, hakunidanganya.

Huko nyumbani kwa Ajiambo mambo yaliharibika. Hakumsemesha mumewe, na Othieno akawa analala kwenye karakana yake juu ya maranda ya mbao. Walipofika hapo ndipo wajomba zake Othieno na shemeji zangu walipokaa. Wakafungua mwiko. Othieno alinipa blanketi na mbuzi, mimi nikampa kuku na kapu la wimbi. Wakatukalisha kwenye mkeka mmoja, tukala sahani moja, akanipa kikombe cha maji kwa mkono wake nami nikakipokea kwa mkono wangu. Mzee mmoja akasema maneno machache. Walikuwa wamemaliza kabla mvua ya mchana haijanyesha. Niliwatazama wakinawa mikono, nikauliza moyoni, ni hivi tu? Nimeupoteza mguu kwa kitu kinachokwisha mchana mmoja?

Sasa wewe mama wa ukingo wa kitanda, sina dawa ya kukupa. Weka kiti juu ya choo. Usimeze kitu na tumbo tupu. Mguu ukipinda, usingoje mavuno. Na kama kuna mwiko kati yako na mtu anayeweza kukubeba, waite wazee leo, ukiwa bado unasimama, waseme watakavyosema. Mila zetu nazipenda mpaka leo, sikwambii uzitupe. Nakwambia zina mlango, na mimi niliona aibu kubisha.

Siku ile, baada ya kula, wazee walisema Othieno aniingize ndani ya nyumba yake mwenyewe, watu waone kwamba imekwisha. Akainama mbele yangu. Akapitisha mmoja mgongoni, mwingine chini ya miguu, taratibu asiguse goti, akainuka nami mara moja tu, bila hata kuvuta pumzi.

"Mama," akasema, "kumbe wewe mwepesi."

Ilimtoka tu. Nikamwona analisikia neno lake mwenyewe. Akasimama pale kizingitini amenibeba, hawezi kuingia, hawezi kunishusha, machozi yanamshuka mpaka kwenye ndevu, na mimi nikamshika shingo kwa mikono miwili nikaulilia mguu wangu mbele ya wakwe wote.